Kula vipi ili misuli ipone haraka baada ya mazoezi mazito: mwongozo kamili

Ukimaliza zoezi zito, iwe kunyanyua vyuma, mbio ndefu, mechi ya dakika 90 au kupanda na kushuka mlima, ushauri utaupata wa kila aina, kajimwagie maji ya baridi, kakandwe, meza kidonge, jinyooshe. Chakula kinatajwa mwisho kabisa, na kikitajwa basi ni ule unga wa kwenye kopo. Mimi huo mpangilio naukataa. Wengi wanaolalamika kwamba hawaponi, kwamba kila wakirudi mazoezini miguu bado mizito na nguvu hamna, tatizo lao la kwanza ni kwamba wanakula kidogo kuliko kazi wanayoufanyisha mwili, la pili hawajapangilia milo yao, na saplimenti, yaani virutubisho vya kopo na vidonge, inakuja huko mbali sana. Kwahiyo twende hivo hivo, kikubwa kwanza.

Kabla ya hatua, ujue ndani kumetokea nini

Mambo matatu yanatokea kwa wakati mmoja. Nyuzi za misuli zinapata majeraha madogo madogo, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unarefuka, yaani unaposhusha chuma taratibu, unaposhuka mlima, unaporuka na kutua. Akiba ya sukari iliyoko ndani ya misuli, ndo inaitwa glikojeni, inapungua. Alafu jasho limeondoka na maji na chumvi. Majeraha yanadai protini, akiba inadai wanga, jasho linadai maji na chumvi, na kila kimoja kina masaa yake, ukilielewa hili huhitaji kukariri kitu.

Yale maumivu ya kushindwa kukaa vizuri siku ya pili yanafika kileleni kati ya masaa 24 na 72 baada ya zoezi. Watu wanasema ni asidi ya laktiki, sio kweli, hiyo mwili unaiondoa ndani ya saa moja au mbili hivi, kesho yake haipo tena. Na niseme mapema kabisa, hamna chakula kinachofuta hayo maumivu. Chakula kinachofanya ni kujenga upya kilichoharibika, kurudisha nguvu na kukuwezesha kufanya zoezi linalofuata kwa kiwango kile kile, kwahiyo usipime lishe yako kwa maumivu peke yake, utakata tamaa bure.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya protini yako ya siku nzima

Chukua uzito wako kwa kilo uzidishe mara 1.6. Hicho ndo kiwango kizuri cha gramu za protini kwa siku kwa mtu anayefanya mazoezi mazito. Wanaoshauri kitaalamu huwa wanataja kati ya gramu 1.4 na 2 kwa kila kilo, na kile kiwango cha 0.8 unachokiona kwenye miongozo ya afya ni cha mtu wa kawaida ili asipungukiwe, hakikupangwa kwa mtu anayejenga upya misuli kila siku ya pili. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Wa kilo 55 ni 88.

Sasa zigawe kwenye milo, minne ni rahisi zaidi. Kwa yule wa kilo 70 inakuja gramu 28 kwa mlo. Sababu ya kugawa ni kwamba protini imejengwa na vipande vidogo vinaitwa amino asidi, na kimoja kati ya hivyo kinaitwa leusini, hiyo ndo inayouambia msuli uanze kujijenga, na mlo ukiwa na gramu 20 hadi 40 za protini nzuri unakuwa na leusini ya kutosha kuamsha hiyo kazi. Ukinywa chai na kipande cha mkate asubuhi, mchana ukagusa gusa, alafu usiku ukala nyama nyingi, hesabu ya siku inaweza kutimia ila kutwa nzima msuli umekaa unasubiri. Hiyo haimaanishi protini ya ziada kwenye mlo mmoja inapotea, hapana, mwili unaitumia taratibu, ila ukigawanya unaupa nafasi nyingi zaidi.

Ili usihangaike na mizani ya jikoni, hizi ndo namba za kukaa nazo kichwani: yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa cha mili 250 kina 8, kuku wa kupikwa gramu 100 asiye na mfupa wala ngozi ana kama 30, samaki wa kupikwa gramu 100 ana 20 hadi 25, maharage yaliyoiva kikombe kizima yana kama 15, konzi ya karanga ya gramu 30 ina 7 au 8. Mayai matatu na kikombe cha maziwa asubuhi tayari ni 26. Umeona, haihitaji kopo.

Kwa wasiokula nyama wala mayai inawezekana kabisa, tatizo ni kwamba protini ya mimea ina leusini kidogo na haimeng'enywi yote, kwahiyo ongeza kiasi kidogo juu ya hesabu yako na uchanganye, jamii ya kunde pamoja na nafaka, maana kinachokosekana kwenye kunde kinapatikana kwenye nafaka na kinyume chake. Sio lazima viwe kwenye sahani moja, vikikutana ndani ya siku hiyo inatosha. Soya inafanya vizuri zaidi ya mimea mingine mingi.

Na kama umri umeenda, tuseme miaka 60 kwenda juu, msuli unakuwa mgumu kuitikia, kwahiyo kila mlo uwe na gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili. Wazee wengi wanafanya kinyume, wanakula protini kidogo zaidi kuliko vijana, na hapo ndo nguvu zinapotea kabisa.

Hatua ya 2: Rudisha wanga, ila kwa kuangalia zoezi lijalo ni lini

Hapa ndo watu wanajikosesha sana siku hizi kwa sababu wanga umepewa jina baya. Misuli ya mtu mzima inabeba glikojeni kama gramu 400 hadi 500, na ini kama 100. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wao wenyewe, waliendesha baiskeli moja ya mazoezi kila mmoja akitumia mguu mmoja tu mpaka ukachoka, mguu wa pili ukapumzika, alafu wakala vyakula vya wanga kwa siku 3 huku wakichukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano kutoka miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni mpaka ukaupita kwa mbali mguu uliopumzika. Mtu mmoja, chakula kile kile, damu ile ile, lakini msuli uliochoka ndo uliovuta zaidi. Kwahiyo baada ya zoezi msuli wako una njaa ya wanga kuliko wakati mwingine wowote, na kuunyima muda huo ndo kujirudisha nyuma.

Kama zoezi lako lijalo ni kesho muda kama huu au keshokutwa, usiwe na presha, kula wanga wa kutosha ndani ya masaa 24 na akiba itajaa. Kiasi kinategemea kazi: kwa mazoezi mepesi gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo kwa siku, kwa anayefanya saa moja ngumu kila siku 5 hadi 7, na kwa anayefanya masaa mpaka matatu ya mbio au baiskeli inaweza kufika 6 hadi 10. Mtu wa kilo 70 wa kundi la kati anahitaji gramu 350 na kuendelea, na kikombe cha wali ulioiva kina kama 45, ndizi mbivu ya wastani 27, viazi vya kuchemsha gramu 100 kama 20. Piga hesabu utaona kwamba sahani moja ya wali na matunda kidogo haifiki hata nusu.

Kama una zoezi lingine ndani ya masaa 8, mfano mashindano yenye mechi mbili kwa siku au unafanya asubuhi na jioni, hapo mambo yanabadilika, dakika zinahesabika. Anza kula mara tu unapomaliza, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa kila saa, kwa masaa 4 ya kwanza. Kwa kilo 70 hiyo ni kama ndizi 3 kila saa au kitu cha uzito huo, na chagua vinavyomeng'enywa haraka, wali mweupe, mkate mweupe, viazi, matunda, juisi. Hapa sio mahali pa maharage mengi na mboga za nyuzinyuzi, tumbo litakusumbua kwenye mechi ya pili. Ukishindwa kumaliza huo wanga wote, ongeza protini kidogo kwenye kila mlo, inasaidia akiba kujaa.

Anayenyanyua vyuma tu hahitaji wanga mwingi kama mkimbiaji, kikao kimoja cha jimu kinapunguza glikojeni ya misuli iliyofanya kazi kwa robo hadi asilimia 40 hivi, haimalizi. Ila kuna jambo wengi hawalijui, msuli uliojeruhiwa sana, kama baada ya kukimbia mteremko mrefu, unajaza glikojeni polepole kuliko kawaida. Ndo maana siku mbili baada ya mbio za milima unaweza kuwa umekula vizuri na bado miguu haina moto. Hapo ongeza wanga na uongeze siku, usilazimishe.

Hatua ya 3: Maji, na usisahau chumvi

Jipime uzito kabla ya zoezi na baada ya zoezi, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Sasa kunywa lita 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo iliyopungua, hiyo ziada ni kwa sababu utakojoa sehemu ya unachokunywa. Mtu aliyeanza na kilo 70 akamaliza na 68.6 amepoteza kilo 1.4, atahitaji kama lita 1.75 mpaka 2.1, na asizinywe kwa mkupuo, azitandaze kwenye masaa kadhaa.

Maji matupu mengi kwa haraka yanapita tu, figo zinayatoa kwa sababu damu imekuwa nyepesi. Sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi ya kawaida, ndo inayoyashika maji yakae mwilini. Ukila mlo wenye chumvi ya kawaida pamoja na maji yako imetosha, vinywaji vya michezo vinasaidia pale ambapo huwezi kula. Maziwa nayo yanakaa mwilini vizuri kuliko maji, alafu yanakuja na protini na wanga humo humo, mimi nayaona ndo kinywaji bora cha bei rahisi baada ya zoezi kwa anayeyavumilia. Kahawa na chai kwa kiasi hazikaushi mwili kama watu wanavyoogopa.

Na tafadhali usinywe maji kupita kiasi ukidhani ndo afya. Kwenye mbio ndefu watu wamewahi kufa kwa kunywa maji mengi mno mpaka sodiamu ya damu ikashuka, dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Ukijipima na ukakuta uzito umepanda baada ya zoezi, umekunywa mno. Aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi kwa ajili ya presha afuate la daktari.

Hatua ya 4: Panga masaa

Ile habari ya kwamba usipokula ndani ya dakika 30 zoezi limepotea haina ukweli. Msuli unabaki tayari kujijenga kwa masaa 24 au zaidi baada ya zoezi zito. Kama ulikula mlo wenye protini masaa mawili matatu kabla, bado inaendelea kuingia kwenye damu wakati unatoka jimu, una muda wa kurudi nyumbani ukapika. Aliyefanya zoezi alfajiri bila kula chochote tangu usiku ndo anapaswa aharakishe kidogo.

Tuchukue mtu wa kilo 70 anayefanya zoezi saa 11 jioni mpaka saa 12 na nusu. Asubuhi saa 1 anakula mayai matatu, vipande vya mkate na kikombe cha maziwa. Saa 7 mchana wali wa kutosha, samaki gramu 120 hivi na mboga, na huu mlo ndo unaobeba zoezi la jioni kwahiyo asiuruke kwa sababu ya kazi, akiuruka saa 11 anaingia mtupu, anaumia zaidi na usiku anakula hovyo. Saa 10 ndizi moja. Akimaliza zoezi hamu ya kula huwa haipo, hiyo ni kawaida kabisa, zoezi zito linashusha homoni ya njaa kwa muda, watu wanasubiri njaa wakitegemea mwili utawaambia mpaka inafika saa 4 usiku hawajagusa kitu. Dawa yake ni kunywa badala ya kutafuna, vikombe viwili vya maziwa na ndizi mbili zilizosagwa humo, gramu 18 za protini na wanga kama 75, dakika tano umemaliza. Saa 2 usiku mlo kamili, viazi au wali, kuku au maharage, mboga, tunda.

Kabla ya kulala kama hesabu ya siku haijatimia ongeza protini ya maziwa, maziwa yenyewe au mtindi, kwa sababu inamezwa na mwili taratibu usiku kucha na tafiti zimeonyesha gramu 30 hadi 40 kabla ya kulala zinaongeza ujenzi wa misuli usiku. Kama hesabu imeshatimia sio lazima. Kahawa achana nayo jioni, nusu ya kafeini inabaki mwilini masaa kama 5, na usingizi ukiharibika hivi vyote nilivyoandika vinapungua nguvu.

Hatua ya 5: Matunda, mboga, samaki wa mafuta, na vidonge vya vitamini

Mboga na matunda ya rangi mbalimbali kula kila siku. Samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki ni vizuri, ila kwa upande wa maumivu ya misuli matokeo ya omega 3, yaani aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki hao, yanapishana pishana kwahiyo sitakuahidi kitu.

Nitakaa kidogo kwenye vidonge vya vitamini C na E vya dozi kubwa, sababu wengi wanavimeza wakidhani vinaponya misuli. Mwaka 2009 utafiti uliofanyika Ujerumani uliwapa watu miligramu 1000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku huku wakifanya mazoezi, na waliomeza vidonge walikosa faida ambazo wenzao walizipata za mwili kuitikia vizuri insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Ule msukosuko wa baada ya zoezi una ujumbe ndani yake, mwili unausoma ndo unajiimarisha, ukiuzima na dozi kubwa kila siku unazima na ujumbe. Vitamini za kwenye chungwa na mboga hazina shida hiyo. Wanawake wanaopata hedhi nzito na kufanya mazoezi mengi wapime madini ya chuma, uchovu usioisha mara nyingi unatokea huko.

Hatua ya 6: Saplimenti

Protini ya unga ni chakula tu kilichokaushwa, itumie kama muda wa kupika huna. Kreatini, kitu ambacho msuli unakitumia kupata nguvu ya haraka, gramu 3 hadi 5 kwa siku ina ushahidi mzuri kwa nguvu na misuli. Zile amino asidi tatu zinazouzwa peke yake kwa jina la BCAA, leusini ikiwa mojawapo, sioni sababu ya kuzinunua kama unakula protini kamili, kwani zimo humo tayari na msuli hauwezi kujengwa na amino asidi tatu wakati unahitaji zote. Mwanamichezo anayepimwa dawa achague zilizokaguliwa na maabara huru, baadhi zimekutwa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyobomoa

Pombe baada ya zoezi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2014 uliwapa wanaume pombe nyingi baada ya zoezi zito, ujenzi wa misuli ulishuka kwa asilimia 24 hata pale walipokunywa na protini, na asilimia 37 walipokunywa na wanga bila protini. Ilikuwa pombe nyingi kweli, gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili, lakini wapo wanaofika huko baada ya kila mechi. Kama utakunywa, kula kwanza, rudisha maji kwanza, na iwe kidogo.

La pili ni kujinyima kula ili upungue huku unajichosha kila siku. Ukitaka kupungua punguza polepole na protini ipande, hata 2 kwa kila kilo. Hedhi kukatika, baridi isiyoeleweka, kuumia umia kila mara, hizo ni dalili kwamba chakula hakitoshi kazi, na hedhi ikikatika muone daktari, usifurahie.

Mambo ya hospitali

Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia kama soda ya kola siku moja au mbili baada ya zoezi zito, msuli umevimba, unauma kuliko kawaida na hauna nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, msuli unaweza kuwa umevunjika sana na mabaki yake yanaziba figo. Hapo hamna mlo wa kurekebisha. Na mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kwa kusoma hapa, aongee na daktari wake kwanza.

Utajuaje inafanya kazi

Ipe wiki mbili au tatu. Andika mambo machache tu: uzito wa chuma na marudio uliyofanya, au muda wa mbio zako kwa njia ile ile, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, uzito wa mwili mara mbili kwa wiki. Mambo yakienda vizuri utaona zoezi la tatu la wiki linafanana na la kwanza, haliporomoki. Kama nguvu inashuka na uzito unashuka, ongeza chakula, anzia kwenye wanga wa mlo wa baada ya zoezi. Kama uzito umesimama, umekula kwa hesabu na bado mapigo ya asubuhi yanapanda na miguu mizito, basi punguza seti au kilomita kwa wiki nzima ukiwa unaendelea kula vile vile, usipunguze chakula kwa sababu unafanya kidogo, hiyo wiki ndo misuli inamalizia kazi yake. Ikipita na bado hamna mabadiliko, nenda ukapime damu.